Kupima Hisi za Bega Linalouma: Mwongozo Kamili wa Kupata Namba za Kutegemewa

Mpimaji anabonyeza bega la mgonjwa kwa algomita, yaani kifaa cha kupima mgandamizo unaoanza kuuma, siku ya Jumatatu na kupata kilopaskali (kPa, kipimo cha mgandamizo) 210. Ijumaa anapata 240, anaandika kwenye faili kwamba mgonjwa ameanza kupata nafuu, na matibabu yanaendelea kwa msingi huo. Huenda bega lenyewe halikubadilika hata kidogo, bali kilichobadilika ni kasi ya mkono, pembe ya kifaa, mahali palipobonyezwa au maneno aliyoambiwa mgonjwa.

Kosa hili linajirudia mno, na kwa kawaida halitokani na uzembe. Linatokana na kupima wagonjwa kabla ya mpimaji kujipima mwenyewe. Mwongozo huu umeandikwa kwa wataalamu wa fiziotherapia, wauguzi na wanafunzi wa fani za afya wanaotaka vipimo vyao viwe na uthabiti, yaani vitoe jibu lilelile pale ambapo mtu anayepimwa hajabadilika.

## Vifaa vinavyohitajika

- Algomita ya mgandamizo yenye ncha ya mpira ya sentimita 1 ya mraba.
- Mizani ya kidijitali inayohimili angalau kilo 10, kwa ajili ya kukagua algomita na kuuzoeza mkono.
- Metronomu, au programu ya simu inayotoa mlio kila sekunde.
- Pamba safi na seti ya nyuzi za nailoni za kupimia mguso.
- Uma wa mtetemo wa hezi 64 wenye kipimo cha 0 hadi 8 kwenye meno yake.
- Kifaa cha joto na baridi kinachoendeshwa na kompyuta, ikiwa kipo. Kisipokuwepo, ruka hatua ya 7.
- Utepe wa kupimia, kalamu ya kuandikia kwenye ngozi, mito miwili na fomu iliyochapishwa.
- Mtu wa pili wa kusoma na kuandika namba.

Usimwone huyo mtu wa pili kuwa anasa. Mpimaji anayeiona namba ya kwanza huisogeza ya pili kuelekea hapo bila kujua, na matokeo yake huonekana kuwa na uthabiti ambao kwa kweli hayana.

## Wasiopaswa kupimwa kwanza

Si kila bega linalouma lina tatizo begani. Maumivu ya bega la kushoto yanayoambatana na kifua kubana, jasho au kukosa pumzi yanaweza kuwa ya moyo, na mtu huyo anahitaji huduma ya dharura. Vilevile, kiungo chenye joto na uvimbe pamoja na homa, bega lililobadilika umbo baada ya kuanguka, mkono uliolegea ghafla, au kupungua uzito bila sababu, vyote vinahitaji uchunguzi wa daktari kabla ya kipimo chochote cha hisi.

Usibonyeze juu ya jeraha, mfupa uliovunjika au ngozi yenye maambukizi. Kwa anayetumia dawa za kuzuia damu kuganda, pata kwanza ushauri wa daktari wake, kwa sababu anaweza kuvia damu chini ya ngozi.

## Hatua ya 1: Amua unachotaka kujua

Kila kipimo hujibu swali lake. Pamba na nyuzi za nailoni huchunguza hisi ya mguso, ambayo inaweza kupotea pale neva inapoumia. Kwa mfano, ngozi ya sehemu ya chini ya misuli ya deltoidi huhudumiwa na neva ya kwapa, ambayo inaweza kujeruhiwa bega linapoteguka. Algomita hupima kizingiti cha maumivu ya mgandamizo, yaani kiasi cha chini kabisa cha kubanwa kinachoanza kuuma.

Kama unashuku kwamba mfumo mzima wa neva umekuwa mwepesi wa kuhisi maumivu, bega peke yake halitoshi. Pima pia sehemu ya mbali isiyouma, kama msuli wa mbele wa mguu chini ya goti. Kizingiti kikiwa chini begani tu, unaelekea kwenye tatizo la hapohapo. Kikiwa chini hata mguuni, kuna dalili kwamba wepesi huo umeenea.

Umefaulu ikiwa unaweza kuandika kwa sentensi moja kwa nini umechagua kila kipimo.

## Hatua ya 2: Weka alama za mwilini kwa utepe, si kwa macho

Sentimita moja au mbili zinaweza kukupeleka kwenye fundo la misuli linalouma kuliko jirani yake. Tumia sehemu zinazoweza kupatikana tena:

- Trapezi ya juu: katikati ya mstari unaotoka kwenye mfupa uliochomoza chini ya shingo hadi kwenye ncha ya bega.
- Deltoidi ya kati: umbali maalumu chini ya ukingo wa nje wa ncha ya bega, uliopimwa kwa utepe na kuandikwa.
- Infraspinato: katikati ya bonde lililo chini ya mwamba wa mfupa wa bega, kwa nyuma.
- Mguu: sentimita 5 chini ya kinundu cha mfupa kilicho chini ya goti, kwa upande wa nje kidogo.

Kuhusu deltoidi kuna jambo la kuangalia. Neva ya kwapa huuzunguka mfupa wa mkono takribani sentimita 5 hadi 7 chini ya ncha ya bega. Mgonjwa akisema anahisi ganzi au umeme ukishuka mkononi, huenda umeibana neva na si msuli. Sogeza alama, andika umbali mpya, na utumie huohuo siku zote kwa mgonjwa huyo.

Umefaulu ikiwa mwenzako, akitumia maandishi yako peke yake, anaweka alama inayokaribiana na yako kwa chini ya sentimita 1.

## Hatua ya 3: Sawazisha chumba, mkao na saa

Mkalishe mgonjwa kwenye kiti chenye mgongo, mikono yake ikilala juu ya mito mapajani. Mkono unaoning'inia huivuta trapezi, na msuli uliovutwa haujibu kama uliotulia. Mpe dakika kumi za kupumzika katika chumba tulivu chenye joto lisilobadilika, na kama atarudi siku nyingine, mpange saa ileile.

Andika dawa ya maumivu aliyotumia na saa aliyoitumia. Andika pia alama ya maumivu yake kwa sasa, kuanzia 0 hadi 10. Namba hiyo utaihitaji katika hatua ya 8, na wengi huikosa kwa sababu hawakuiuliza mapema.

## Hatua ya 4: Soma maelekezo, usiyasimulie

Andika maelekezo kwenye kadi na uyasome neno kwa neno kwa kila mtu. Kwa algomita, haya yanatosha: "Nitabonyeza polepole. Mwanzoni utahisi kubanwa tu. Pale kubanwa kunapoanza kugeuka kuwa maumivu, sema 'sasa', nami nitaachia mara moja."

Hapa ndipo vipimo vingi huharibika, kwa sababu mgonjwa anadhani anapimwa ujasiri. Utamsikia akisema, "Endelea tu daktari, navumilia." Akisema hivyo, umekwisha kupita kizingiti na unapima uvumilivu, ambao ni kipimo kingine kabisa. Mjibu kwa upole: "Hapana mama, sitaki uvumilie. Niambie pale tu maumivu yanapoanza." Kisha futa namba hiyo, mwache apumzike na urudie.

Fanya zoezi la majaribio kwenye mkono wake wa mbele, upande usiouma, kabla ya kugusa bega. Mbonyezo wa kwanza mara nyingi hutofautiana na inayofuata, kwa kuwa mtu bado anajifunza anachotakiwa kukisikiliza.

Umefaulu ikiwa mgonjwa anasema "sasa" bila kukunja uso wala kushtuka.

## Hatua ya 5: Mguso na mtetemo

Anza na vipimo visivyoumiza, kwa sababu maumivu yakishaamshwa huchukua muda kutulia. Mgonjwa afumbe macho. Gusa kwa pamba upande usiouma kwanza, kisha upande unaouma, na umuulize kama hisi ni sawa, imepungua au imezidi. Ukitumia nyuzi za nailoni, ushike uzi wima dhidi ya ngozi, usukume mpaka upinde, kisha uuinue. Ukiburuta uzi, unampa mgonjwa hisi ya pili isiyokusudiwa.

Changanya miguso ya kweli na ya uongo, ambapo hugusi lakini unauliza. Mtu anayejibu "ndiyo" pale ambapo hakuguswa anakisia, na majibu yake mengine yanahitaji kurudiwa.

Uma wa mtetemo huwekwa juu ya mfupa, yaani kwenye ncha ya bega, wala si juu ya nyama. Mgonjwa aseme pale mtetemo unapokoma, nawe usome kipimo cha 0 hadi 8. Rudia mara tatu na uchukue wastani.

## Hatua ya 6: Kizingiti cha mgandamizo

Hiki ndicho kipimo kinachotumika zaidi kwa bega, kwa hiyo hatua hii inastahili muda mrefu kuliko nyingine zote.

Kagua kifaa. Simamisha ncha ya algomita juu ya mizani na ubonyeze mpaka mizani isome kilo 1. Kwa ncha ya sentimita 1 ya mraba, algomita inapaswa kusoma takribani kilopaskali 98. Ikisoma tofauti sana, ipeleke ikarekebishwe kabla ya kumgusa mtu yeyote.

Uzoeze mkono. Kasi inayotumika sana ni kati ya kilopaskali 30 na 50 kwa sekunde. Chagua moja na usiibadilishe. Kwa kasi ya 50, mizani iongezeke takribani nusu kilo kwa kila mlio wa metronomu, hivyo baada ya milio kumi uwe karibu na kilo 5. Fanya zoezi hili mpaka uweze kulirudia bila kuangalia mizani.

Sababu ya kung'ang'ania kasi ni hesabu rahisi. Kati ya mgonjwa kuhisi maumivu, kusema "sasa", na wewe kuachia, tuseme inapita nusu sekunde. Kwa kasi ya kilopaskali 50 kwa sekunde, ucheleweshaji huo unaongeza 25 kwenye namba. Mkono ukiharakisha hadi 100, unaongeza 50. Kwa hiyo mtu yuleyule, mwenye bega lilelile, anaonekana kuwa na kizingiti cha juu zaidi kwa sababu tu mpimaji alikuwa na haraka.

Bonyeza. Shika algomita kwa mkono mmoja na uiongoze ncha kwa vidole viwili vya mkono mwingine ili isiteleze. Tazama ngozi inayoizunguka ncha: ikizama sawasawa pande zote kama bakuli dogo, uko wima. Ikikunjika upande mmoja zaidi, umeinama, na ukingo wa ncha unachoma badala ya uso wake wote kubana. Acha, panga upya, anza tena.

Rudia mara tatu kwa kila sehemu, ukipumzika angalau sekunde 30 kati ya mbonyezo na mbonyezo. Njia nzuri zaidi ni kuzunguka sehemu zote mara moja, kisha kurudi mwanzo, ili kila sehemu ipate mapumziko marefu. Tumia wastani wa mibonyezo mitatu, kwa sababu kosa la mbonyezo mmoja ni kubwa kuliko la wastani.

Onyo: Weka kikomo cha juu kabla ya kuanza, kwa mfano kilopaskali 1000, na uachie ukikifikia hata kama mgonjwa hajasema kitu. Namba zikishuka mfululizo kutoka wa kwanza hadi wa tatu, tishu zimeshaanza kuudhika, kwa hiyo ongeza mapumziko.

Umefaulu ikiwa namba tatu za sehemu moja zinakaribiana bila mwelekeo wa kupanda wala kushuka.

## Hatua ya 7: Joto na baridi

Wenye kifaa hiki huanza kwenye nyuzi joto 32 za Selsiasi, kisha hupandisha au kushusha kwa nyuzi 1 kila sekunde, kwa mipaka ya 0 na 50. Mgonjwa hubonyeza kitufe pale anapohisi mabadiliko au maumivu.

Angalizo ni moja tu. Baadhi ya watu hufika 0 bila baridi kuwauma, na wote huandikiwa namba ileile. Uthabiti wa namba za namna hiyo hauwezi kuhesabiwa kwa njia ya kawaida, kwa hiyo ripoti ni wangapi waliofika kwenye mpaka.

## Hatua ya 8: Jipime mwenyewe

Sasa panga zoezi la uthabiti. Pata watu wenye maumivu ya bega, angalau 30 ikiwezekana, wenye viwango tofauti vya maumivu. Ukitumia watu wazima wa afya pekee utapata kosa la mkono wako kwenye mabega yasiyouma, ambalo si lazima lilingane na la wagonjwa wako.

Pima kila mtu mara mbili, kwa siku mbili zilizo karibu kiasi kwamba ugonjwa haujabadilika, lakini zilizoachana vya kutosha ili ubonyezaji wa kwanza usiwe umeacha uchungu. Siku 2 hadi 7 zinafaa kwa maumivu ya muda mrefu. Futa alama za kalamu baada ya kipimo cha kwanza na uzitafute upya, la sivyo utakuwa unaficha kosa la kutafuta sehemu.

Linganisha alama za maumivu za 0 hadi 10 za siku zote mbili. Aliyebadilika kwa pointi 2 au zaidi aondolewe kwenye hesabu, maana bega lake ndilo lililobadilika. Kama kliniki yenu ina wapimaji wawili watakaopokezana wagonjwa, fanyeni pia ulinganisho kati yenu. Kwa jumla, mtu mmoja katika kikao kimoja hupata uthabiti mzuri zaidi kuliko siku tofauti au watu tofauti, na hali iliyo ngumu zaidi ndiyo mtakayokutana nayo kazini.

## Hatua ya 9: Kokotoa kosa lako

Huhitaji programu kubwa. Kwa kila mtu, toa kipimo cha kwanza kwenye cha pili. Tuseme, kwa mfano wa kujifunzia tu, watu 8 wametoa tofauti hizi za kilopaskali: 20, −15, 40, −30, 10, 25, −20 na 10.

1. Wastani wa tofauti ni 5. Uko karibu na sifuri, kwa hiyo kipimo cha pili hakikuelemea juu wala chini. Kama ungekuwa −30, ningeshuku uchungu uliobaki kutoka siku ya kwanza.
2. Mkengeuko sanifu wa tofauti, yaani jinsi zinavyotawanyika kuuzunguka wastani huo, ni takribani 24.
3. Gawanya kwa 1.41, ambacho ni kipeuo cha pili cha 2. Unapata takribani 17, na hilo ndilo kosa la kawaida la kipimo chako.
4. Zidisha mkengeuko wa tofauti kwa 1.96. Unapata takribani 48. Badiliko dogo kuliko hili kwa mgonjwa mmoja haliwezi kutofautishwa na kosa la kupima, kwa kiwango cha uhakika cha asilimia 95.

Programu za takwimu zitakupa pia kipimo kiitwacho ICC, kinachoonyesha jinsi vipimo vilivyorudiwa vinavyolingana. Kwa viwango vinavyotumiwa sana, chini ya 0.5 ni hafifu, 0.5 hadi 0.75 ni ya kati, 0.75 hadi 0.9 ni nzuri, na zaidi ya 0.9 ni bora sana. Usiishie hapo. ICC hupanda pale watu unaowapima wanapotofautiana sana wao kwa wao, hata kama mkono wako haujawa bora.

Chukua kundi lenye mkengeuko sanifu wa kilopaskali 90 na ICC ya 0.85, ambayo kila mtu angeiita nzuri. Kosa la kawaida ni 90 mara kipeuo cha pili cha 0.15, yaani takribani 35. Badiliko dogo kabisa linaloweza kuaminika, yaani 35 mara 1.41 mara 1.96, ni takribani 97. Mpimaji huyo ana ICC ya kujivunia, lakini mgonjwa wake lazima apande kwa karibu kilopaskali 100 kabla mpimaji hajasema kwamba kuna badiliko. Ndiyo maana naomba kila ripoti itaje kosa kwa kilopaskali kando ya ICC.

Ukiona tofauti zinakuwa kubwa kadiri vizingiti vinavyokuwa vikubwa, badili namba zote ziwe logi kabla ya kukokotoa.

Kwa majibu ya mguso, ya "sawa" au "imepungua", asilimia ya kukubaliana hudanganya. Watu 18 kati ya 20 wakiwa na hisi ya kawaida, mpimaji anayeandika "sawa" kwa wote bila kuwagusa atakubaliana na mwenzake mahiri kwa asilimia 90. Tumia kipimo cha kapa, ambacho huondoa makubaliano ya bahati. Kwa mpimaji huyo kitatoa sifuri.

## Hatua ya 10: Rudi kwa mgonjwa

Tumrudie mgonjwa wa Jumatatu na Ijumaa, tukichukulia kwamba kikomo chako cha badiliko, kile cha hatua ya 9, ni 48. Kutoka 210 hadi 240 ni badiliko la 30, na huna haki ya kuliita nafuu. Kama angefika 285, badiliko la 75 lingekuwa zaidi ya kosa lako.

Hata hapo, badiliko halisi si lazima liwe badiliko lenye manufaa kwa mgonjwa. Liweke kando ya anachoweza kufanya, kama kuvaa nguo, kufikia rafu ya juu au kulalia upande huo, au kando ya dodoso la SPADI lenye maswali 13 kuhusu maumivu na ugumu wa kutumia bega. Usitegemee pia bega la pili kama kipimo cha ukawaida katika kila hali, kwa kuwa lisilouma nalo linaweza kuwa limeongezeka wepesi wa kuhisi.

Kwenye faili, andika kwa namna ambayo mwenzako anaweza kuihakiki: "Deltoidi ya kulia, sentimita 4 chini ya ncha ya bega, amekaa, kasi kPa 50 kwa sekunde, wastani wa mibonyezo 3: 210, kisha 240. Badiliko 30, chini ya kikomo cha mpimaji cha 48. Maumivu 6, kisha 6. Hakuna badiliko lililothibitika. Apimwe tena baada ya wiki 2."

Ukibadilisha algomita, ncha, kasi, mkao au mpimaji, ile 48 haitumiki tena. Rudi hatua ya 8.